Jina la Bibi Kwenye Tangi la Mafuta

Nilikuwa Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapokutana na ya Lindi na ya Mtwara, nasubiri Kosta ya kurudi nyumbani. Saa nane mchana, jua kali. Vijana wa korosho walikuwa wamelizunguka basi lililotangulia, kila mmoja ananyoosha pakiti zake dirishani. Upande wa pili, kijiweni kwa bodaboda, mmoja akapaza sauti: "Somoe! Leo mbona hukohoi?"

Niligeuka haraka. Somoe ni jina la bibi yangu mzaa mama.

Aliyeitwa alikuwa pikipiki. Nyekundu, kiti kimeshonwa upya, na kwenye tangi herufi tano nyeupe: SOMOE. Herufi ya kwanza mkia wake umevutwa mpaka karibu na kifuniko cha mafuta. Mkono ule niliujua. Nilikuwepo Newala siku fundi anaziandika.

Kijana mwenye pikipiki akacheka, akapiga kiki. Haikuwaka. Akarudia, haikuwaka. Ndipo mwenzake akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwa mama lishe: "Nani alimpanda Somoe usiku, leo hana nguvu?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Nilimsogelea yule kijana. "Samahani kaka, hili jina ni la nani?"

"La pikipiki, dada. Nimeinunua nalo." Halafu akaongeza, bila ubaya wowote: "Na mimi mwenyewe huku wananiita Somoe."

Kosta ikaja, nikapanda. Wiki zimepita na jambo hili halijanitoka.

Madumu manne

Anayeijua Newala hahitaji kusimuliwa habari ya maji. Bibi alishuka bondeni kabla ya adhana ya alfajiri na kupanda mlima ndoo ikiwa kichwani, mtoto mgongoni. Mama anasema utotoni kwao maji ya kunawa miguu yaliombewa ruhusa. Mjomba, kitinda mimba, ndiye aliyekuwa akimfuata Bibi na kibuyu chake kidogo, na hadithi za njia ile anazo nyingi kuliko watoto wote wa Bibi: jiwe alilokuwa akipumzikia, mwembe aliouogopa, wimbo aliouimba akifika pale pagumu.

Bibi alifariki kabla bomba halijafika karibu na nyumba yake.

Msimu mmoja korosho zilikuwa na bei nzuri, Mjomba akanunua pikipiki. Safari yake ya kwanza hakwenda mjini kuringa. Alifunga madumu manne nyuma, akashuka bondeni, akarudi nayo yamejaa. Aliposhuka kwenye kiti alimwita fundi wa herufi. Hakutafuta ushauri wa mtu. Alisema tu, "Andika Somoe."

Mama ndiye aliyeuliza: "Sasa tutakuwa tunasema Somoe kapata pancha?"

Mjomba akamjibu, "Akipata pancha tutamziba."

Nilichokiona miaka iliyofuata ndicho kinachonifanya niandike. Lile jina lilimfunga Mjomba. Alhamisi jioni pikipiki ilioshwa, kwa kuwa Bibi hakuikosa Ijumaa. Kwa mwendo wa fujo ungemsikia Mjomba akijikanya mwenyewe: "Taratibu, nimembeba mama." Na uraka, pombe ya mabibo, hakubeba. Wakati wa mabibo, wakati ambao kila mwenye pikipiki kule juu anasombeshwa madumu ya uraka kwa pesa ya haraka, yeye alikataa. Watu walimshangaa, kwani abiria mlevi alimbeba na deni alikopesha. Lakini Bibi alikuwa mtu wa swala, na uraka haukupakiwa juu ya jina lake.

Hasara ile ilikuwa halisi. Aliilipa kila mwaka.

Kwa hiyo mtu akiniambia kukipa chombo jina la mtu ni mapambo, namwelewa, lakini nimeona kitu kingine. Pikipiki isiyo na jina ingemwachia Mjomba afanye atakavyo.

Mkataba uliandikwa kila kitu

Magoti yakamchoka Mjomba. Akatokea mnunuzi, kijana wa Mtama. Waliandikishana mbele ya mwenyekiti, kwenye karatasi iliyochanwa katika kaunta buku: aina ya pikipiki, rangi, namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, bei, sahihi za mashahidi. Kadi ikakabidhiwa. Nakala ya mkataba nimeisoma mwenyewe na hakuna kilichosahaulika, isipokuwa zile herufi tano.

Ukitazama vizuri, vyombo vyetu vina majina ya aina nyingi, na mengi hayana utata. IST ni IST, kirikuu ni kirikuu, na gari la jirani linaitwa "ile namba D" mpaka siku atakapoliuza. Mwenye uwezo anakwenda TRA kuomba kibao chenye jina lake, analipia mamilioni kwa miaka mitatu, na jina hilo lina mwenyewe anayefahamika kwenye kumbukumbu. Jina la brashi halina daftari. Fundi anaandika, rangi inakauka, basi. Chombo kikienda kwa mtu mwingine, jina linakwenda nacho, na hakuna ofisi ya kuuliza lilikuwa la nani.

Pwani jambo hili ni la zamani kuliko pikipiki. Nenda Mikindani asubuhi maji yakiwa yamejaa utazame mashua: nyingi zina jina ubavuni, na miongoni mwake yamo majina ya wanawake, mama, mke au binti wa mtu. Kwa hiyo Mjomba, mtu wa mlimani, hakuwa amebuni jipya. Alifanya kwenye tangi la mafuta kile ambacho wavuvi wamekuwa wakikifanya kwenye ubao.

Ma Robert

Mikindani hiyohiyo ndiko alikopita David Livingstone mwaka 1866, akianza safari yake ya mwisho ya kuelekea bara, na wageni wanaonyeshwa mpaka leo nyumba yenye kumbukumbu yake. Mimi nimekuwa nikifikiria zaidi boti aliyokuwa nayo kabla ya hapo, kwenye Mto Zambezi.

Boti ile ya mvuke iliyoanza kazi mwaka 1858 iliitwa Ma Robert. Ndivyo mkewe Mary alivyokuwa akiitwa na Waafrika walioishi naye kusini, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama sisi tunavyomwita mtu Mama Asha au Mama Hamisi. Jina la heshima, basi. Halikuwa jina la kumwita mama wa watu kavukavu. Nikisoma jambo hilo huwa nalipenda: Mskoti anachukua adabu ya Kiafrika na kuipandisha kwenye chombo chake.

Ila boti yenyewe ilikuwa mbovu. Ilikula kuni bila kushiba, chuma chake kikaoza, ikavuja. Injini ikawa inahema kwa shida, na hao waliosafiri nayo wakaipachika jina la pili: Mwenye Pumu. Mwishoni mwa 1860 ikakwama kwenye fungu la mchanga, ikazama. Mary mwenyewe alifika Zambezi mwaka 1862, boti yenye jina lake ikiwa chini ya maji tayari, na Aprili ya mwaka huohuo akafa kwa homa huko Shupanga, akazikwa hapo.

Mwenye Pumu. "Leo mbona hukohoi?"

Nilikaa na hilo usiku mmoja mzima. Heshima iliandikwa siku chombo kipya, matusi yakaja siku chombo kimechoka, na yote mawili yakaangukia jina la mwanamke mmoja ambaye hakuwepo kujibu. Hakuna aliyekusudia kumtukana Mary. Hakuna aliyekusudia kumtukana Bibi pia. Wale vijana wa Mnazi Mmoja hawajui kwamba aliwahi kuwepo.

Utani una pande mbili

Niliporudi Mtwara nilianza kusoma vyombo. Bajaji za Ligula, bodaboda za Magomeni, malori yanayongoja kwenye njia ya bandari. Majina ya watoto yako mengi, na yale ya kike yako mengi zaidi, na waliokaa juu yake karibu wote ni wanaume. Sentensi aliyoitoa yule kijana kijiweni nimeshaisikia kwa majina mengine pia. Kwa namna tunavyosema habari ya kupanda chombo, sentensi hiyo inajitunga yenyewe pale tu jina la mwanamke linapokaa kwenye tangi.

Mwanzoni nilitaka kusema: basi, tusiandike majina ya wanawake. Nikaona hapana. Wanawake wa kule kwetu ndio waliobeba maji, ndio waliopalilia mikorosho, na ukoo wetu unahesabiwa kwao. Kuyafuta majina yao ili wanaume wasikosee midomo ni kumwadhibu aliyekosewa.

Tena mimi si mtu wa kuchukia utani. Bibi alikuwa mtani hodari. Alimwita kaka yangu "mume wangu" mbele ya wageni, akamdai posho ya nyumba, akamwambia usiku anakoroma. Sisi nasi tulimrudishia. Maneno mengine aliyoyasema yule mzee siwezi kuyaandika hapa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Tofauti niliyoipata, baada ya kuizunguka sana, ni kwamba Bibi alikuwa na mdomo. Ungemtania angekutania zaidi, na ungevuka mpaka angekunyamazia mpaka ujue umevuka. Pikipiki haiwezi hayo. Kinachosemwa juu yake kinabaki upande mmoja, siku baada ya siku, mpaka jina linabaki na maana ya kijiweni peke yake.

Swali la Mjomba

Nikapanda Newala na hoja yangu mkononi. Nilitaka Mjomba ampigie yule kijana simu, amwombe afute.

Nilimkuta barazani. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikasubiri chai iishe. Kisha nikamweleza yote, hata ile sentensi, kwa kuinamisha uso.

Alinisikiliza, akatikisa kichwa kwa ile sentensi. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo unataka nini, mwanangu?"

Nikasema: mvulana akitoka jandoni anatoka na jina jipya, na lile la utotoni halitajwi tena, kumwita kwalo ni kumdharau. Likumbi, kile kibanda cha jando, linachomwa moto. Pikipiki nayo ikihama nyumba ingepewa jina lingine, la zamani likabaki kwetu.

"Hilo ni la wavulana," akasema. "Mkubwa je? Wayao wana Mataka, chifu wao. Mataka akifa, mpwa wake anakuwa Mataka. Jina halifukiwi. Linamtafuta mtu wa kulibeba."

"Lakini hili limebebwa na pikipiki, Mjomba."

"Ndiyo. Nitajie mtoto wa ukoo huu anayeitwa Somoe."

Nilianza kuhesabu vitukuu kichwani. Precious. Brayani. Nasra. Ibrahimu. Wale mapacha wa Dar es Salaam. Nasri. Glory, kwa dada aliyeolewa na Mkristo wa Ndanda.

"Mnasema ni la kizamani," Mjomba akasema, bila hasira. "Dada yako nilimwomba. Akaniambia mtoto atachekwa shuleni. Sasa yule kijana aliponiambia, mzee, naomba na jina lake nisilifute, linaleta wateja, ningemnyima nilipeleke wapi?"

Sikuwa na la kusema.

Nilikuwa nimekwenda nikiamini kwamba jina la Bibi limetoka nyumbani na kupotea mjini. Mjomba alikuwa akinionyesha kwamba nyumbani lilikuwa limeshakosa pa kukaa, na kwamba zile herufi tano zilikuwa mahali pa mwisho ambapo mtu bado alilitaja kila siku. Kama si kijiwe cha Mnazi Mmoja, ni nani mwaka huu angesema neno Somoe kwa sauti? Mama halitaji, huwezi kumtaja mama yako kwa jina. Sisi tunasema Bibi.

Baba aliyeitwa kwa jina la binti

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu na nilimfikiria yule kijana anayeitwa kwa jina la pikipiki yake. Jambo hilo limewahi kuwapata wakubwa pia. Emil Jellinek, mfanyabiashara wa Austria aliyekuwa akiishi Nice, aliuza magari ya Daimler na akashinikiza gari jipya la mwaka 1901 lipewe jina la binti yake, Mercédès, aliyezaliwa 1889. Jina likasajiliwa kibiashara mwaka 1902. Mwaka uliofuata baba mwenyewe akabadili jina lake, akawa Jellinek-Mercédès. Binti akafa mwaka 1929, hata miaka arobaini hakufikisha. Leo malori ya Benz yanapita hapa Mtwara na jina lake limo kwenye kadi, na sidhani kama kuna dereva anayejua kwamba anasema jina la mtoto wa mtu.

Hapo ndipo nilipojua ninachokihofia. Kutajwa hakunisumbui. Nahofia jina likitajwa miaka mia na mwenyewe hayumo ndani yake.

Mwingereza T. E. Lawrence, yule wa vita vya Uarabuni, alikuwa na njia yake. Pikipiki zake za Brough Superior zilifuatana, moja baada ya nyingine, na aliziita George kwa namba, mpaka akafika wa saba, kama wafalme. Jina lilibaki kwake, chombo ndicho kilichobadilika. Ajali iliyomuua mwaka 1935 aliipata juu ya George wa saba. Mjomba naye angeweza kufanya hivyo kama angekuwa na magoti ya pikipiki nyingine. Hana.

Kwa hiyo msimamo wangu sasa ni huu, na najua kuna ndugu zangu hawataupenda. Jina la mtu lililoandikwa kwenye chombo haliingii kwenye bei. Anayelitaka aliombe peke yake, baada ya pesa kuhesabiwa, na anayelitoa amweleze lilikuwa la nani na lilikataa kubeba nini. Asiyetaka kusikiliza apewe pikipiki yake na msasa. Hata kwenye mkataba mstari mmoja unatosha.

Simu ya Mtama

Namba ya yule kijana ilikuwa kwenye nakala ya mkataba. Nilimpigia jioni, saa ambayo kijiwe kimepoa. Nikajitambulisha, akanikumbuka. Nikamsimulia: bonde, ndoo, jiwe la kupumzikia, Alhamisi za kuosha, madumu ya uraka yaliyokataliwa.

Alinyamaza kidogo.

"Dada, mimi uraka nimebeba sana," akasema. Kisha, "Kwa hiyo nifute?"

Nilimwambia hilo si langu kujibu, ampigie Mjomba. Akampigia usiku uleule. Walichoongea sikijui chote, ila Mjomba alimkataza kufuta, akamfundisha ule wimbo wa pale pagumu. Siku hizi kijana anampigia mwenyewe kumjulia hali, na anaanza na shikamoo babu. Nilipomuuliza habari ya kijiweni aliniambia amewaeleza wenzake. Ile ya usiku wameiacha. Ya kukohoa bado wanayo, na kusema kweli pikipiki inakohoa, kabureta inataka kusafishwa.

Uraka sikumuuliza. Ana watoto wawili, na yeye si mwana wa Bibi.

Sasa limeingia jambo jingine. Anataka kuiuza aongezee pesa achukue bajaji, na amepata mnunuzi wa Nachingwea. Kabla ya kupokea hata shilingi alimpigia Mjomba kuuliza: jina je? Mjomba akamwambia pesa wamalizane wenyewe huko huko. Kuhusu jina, mnunuzi apande Newala msimu ukianza, aje na pikipiki yenyewe, na kabla ya kukaa barazani ashuke nayo bondeni na madumu manne.

Dada yangu kasema siku hiyo atakuja pia, na mwanawe.